Wasomaji Wanauliza: Safari kwa Meli ya Kitalii

Tangu safu hii ilipogusia suala la likizo za baharini, tumepokea barua nyingi kutoka kwa wasomaji wanaojiandaa kwa safari yao ya kwanza, na nyingine kutoka kwa waliokwisha kusafiri wakarudi na maswali zaidi ya waliyoondoka nayo. Ninajibu nikiwa abiria wa mara kwa mara, si wakala wala mtumishi wa kampuni ya meli. Wengi wenu mnauliza ni meli ipi iliyo bora. Kwangu mimi swali hilo huja la tatu, baada ya kujua meli inapita wapi na katika mwezi gani, na baada ya kujua chumba chako kiko sehemu gani ya meli. Mtaona jinsi mambo hayo yanavyojirudia katika majibu haya.

Ndugu Mwandishi, mimi na mke wangu tunataka kusafiri kwa meli kwa mara ya kwanza. Wakala anatushawishi tuchukue meli mpya iliyo kubwa kuliko zote, na anasema chumba chochote kitatufaa kwa kuwa tutakitumia kulala tu. Je, tumsikilize?
*Mume na mke, wasafiri wapya*

Wakala wenu amewaeleza upande mmoja wa jambo. Meli kubwa za siku hizi ni za ajabu kweli: Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina urefu wa takriban mita 365 na inaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000 vyumba vyote vinapojaa. Anayependa mabwawa, maonyesho ya jukwaani na mikahawa isiyohesabika hatachoshwa nayo. Lakini meli ya ukubwa huo haiwezi kuingia katika kila bandari, na inapofika gatini maelfu ya watu hutaka kushuka kwa saa ileile. Meli ndogo ina burudani chache, ila hupenya mahali ambapo kubwa haifiki, na abiria wake hushuka na kupanda bila foleni ndefu. Kwa hiyo amueni kwanza kama likizo yenu ni meli yenyewe au ni bandari mtakazozitembelea.

Ukubwa wa meli hubadilisha hata ratiba iliyoandikwa kwenye tangazo. Tangu Agosti 2021 serikali ya Italia imezuia meli kubwa, zikiwemo zote zinazozidi tani 25,000 za ujazo, zisipite katika mfereji wa Giudecca na mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko mjini Venice. Matokeo yake ni kwamba safari inayouzwa kwa jina la Venice huenda ikaanzia Ravenna au Trieste, mwendo wa saa mbili hivi kwa basi. Someni jina la bandari, si jina la mji uliopambwa kwa picha.

Kuhusu chumba, hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na wakala wenu, kwa sababu mtu anayetumia chumba kwa kulala tu ndiye hasa anayehitaji chumba chenye utulivu. Kabla ya kulipa, fungueni ramani ya sitaha za meli, mtafute chumba mnachouziwa, kisha mtazame kuna nini juu yake na chini yake. Chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa kitawaamsha alfajiri wahudumu wanapoburuta viti kuvipanga, kilicho chini ya jiko la bafe kitawapa mlio wa magurudumu ya matoroli tangu kabla ya mapambazuko, na kilicho juu ya ukumbi wa muziki kitatikisika hadi usiku wa manane. Vyumba vya chini kabisa upande wa omo, yaani mbele ya meli, vina adha ya namna nyingine: meli inapokaribia bandari asubuhi, mnyororo wa nanga na mashine za pembeni zinazosaidia kuisogeza meli gatini hutoa ngurumo ambayo hata usingizi mzito hauistahimili. Chumba bora ni kile kilichobanwa kati ya sitaha mbili za vyumba vingine, katikati ya meli. Hakisifiwi na mtu yeyote kwenye matangazo, lakini mtalala.

Roshani inastahili gharama yake pale ambapo meli inapita karibu na nchi kavu kwa muda mrefu, kama katika hori za Norwei, yaani ghuba nyembamba kati ya milima, au pwani ya Alaska. Katika safari inayotia nanga mji mpya kila asubuhi, mtakuwa mnalipia kiti msichokikalia. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni giza totoro hata saa sita mchana, jambo ambalo wapenda usingizi hulifurahia. Meli nyingi zina chaneli ya televisheni inayoonyesha mbele ya meli moja kwa moja, nanyi mkiiacha ikiwaka bila sauti mtajua kama kumekucha. Mwisho, jihadharini na aina mbili za bei nafuu. Moja ni ya chumba chenye dirisha lililozibwa, mara nyingi na mashua ya uokoaji iliyoning'inia nje. Nyingine ni ile ambayo kampuni ndiyo inayowachagulia chumba siku za mwisho. Hiyo ni bei nzuri, ila haki yote ya kuchagua niliyoieleza hapo juu mnakuwa mmeikabidhi.

Shikamoo. Mama yangu ana umri wa miaka 70 na hutapika hata ndani ya basi. Anatamani sana kusafiri nasi kwa meli. Je, nimkatalie?
*Binti mwenye wasiwasi*

Marahaba, mwanangu. Usimkatalie, bali umchagulie njia. Bahari si moja. Njia ya ndani ya Alaska imekingwa na visiwa kwa sehemu kubwa ya safari, na hori za Norwei zimezungukwa na milima, hivyo maji yake huwa matulivu kuliko bahari ya wazi. Kinyume chake, Ghuba ya Biscay katika miezi ya vuli na baridi ina sifa mbaya iliyostahili, na Mlango wa Drake, kati ya ncha ya Amerika Kusini na Antaktika, ni takriban kilomita 800 za maji ambayo hakuna nchi kavu ya kuyazuia. Hata bahari yenye jina la upole ina msimu wake: katika Bahari ya Aegean upepo wa kaskazini uitwao meltemi huvuma kwa nguvu Julai na Agosti, na msimu rasmi wa vimbunga katika Atlantiki huanzia Juni 1 hadi Novemba 30.

Meli kubwa za kisasa zina mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba kwa ubavu, lakini mapezi hayo hayasaidii sana meli inapoinuka na kushuka omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Ndiyo maana chumba cha mama kiwe katikati ya meli na kwenye sitaha ya chini, kwa kuwa ncha zote mbili na sitaha za juu husafiri umbali mrefu zaidi kwa kila wimbi.

Dawa zipo za aina mbalimbali. Vidonge vya meclizine na dimenhydrinate hufanya kazi vizuri vikimezwa kabla ya mtikisiko kuanza, si baada ya kutapika. Ipo pia plasta ya scopolamine inayobandikwa nyuma ya sikio angalau saa nne kabla ya kuhitajika na kufanya kazi hadi siku tatu, lakini haimfai kila mtu, hasa mwenye aina fulani za presha ya macho, na kwa mtu mzima wa umri wake inaweza kuleta kuchanganyikiwa au kusinzia. Kwa hiyo daktari wake ndiye aamue, naye aambiwe dawa zote anazozitumia tayari. Wengine hupata nafuu kwa tangawizi. Asikae na tumbo tupu, maana watu wengi hudhani kufunga kutawasaidia na ndipo hali inapozidi. Biskuti kavu na tofaa vinatosha. Bahari ikichafuka, atoke nje, akae katikati ya sitaha, na atazame upeo wa macho badala ya skrini ya simu.

Ndugu Mwandishi, matembezi ya nchi kavu yanayouzwa na meli ni ghali mno. Mume wangu anataka tujitembeze wenyewe, nami naogopa kuachwa. Nani yuko sahihi?
*Msomaji mwoga wa kuachwa*

Nyote wawili, kutegemea bandari. Jambo la msingi ni hili: ukiwa katika matembezi yaliyonunuliwa kutoka kwa meli na basi likachelewa, meli kwa kawaida hungoja, au kampuni hubeba jukumu la kukufikisha bandari inayofuata. Ukiwa peke yako ukachelewa, meli huondoka, na nauli ya kuifuata ni yako, pamoja na hoteli na matatizo ya viza kama bandari inayofuata iko nchi nyingine. Nahodha si katili. Kila saa ya ziada gatini ina malipo yake, na mara nyingi kuna meli nyingine inayosubiri nafasi hiyohiyo.

Kipimo ninachokitumia ni umbali. Piraeus iko kama kilomita 10 tu kutoka katikati ya Athens na treni zinapita. Hapo sioni sababu ya kulipia basi la meli. Civitavecchia, inayotangazwa kama bandari ya Roma, iko takriban kilomita 80 kutoka jijini; inawezekana kwa treni, lakini panga kurudi kwa treni iliyotangulia ile unayodhani inatosha. Le Havre iko karibu kilomita 200 kutoka Paris, na Warnemünde iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Berlin. Kwa umbali wa namna hiyo ninanunua matembezi ya meli bila kunung'unika, au ninabaki katika mji wa bandari wenyewe, ambao mara nyingi una mengi kuliko wanavyodhani wanaoukimbia. Rostock, ambao Warnemünde ni sehemu yake, ni mji wa zamani wa wafanyabiashara wa Baltiki, na siku moja haiumalizi.

Zingatieni saa. Saa ya meli huenda ikatofautiana na saa ya nchi mliyoshukia, na simu yenu itajibadilisha yenyewe kufuata nchi kavu bila kuwaambia. Vaeni saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa ya meli na msiiguse. Vilevile muda wa mwisho wa kurudi si muda wa kuondoka. Kwa kawaida ni nusu saa kabla yake, na pengine zaidi. Kabla ya kushuka, chukueni nakala za pasipoti, kadi ya benki, dawa za siku mbili, na namba ya simu ya wakala wa bandari, yaani mwakilishi wa meli pale mjini, ambayo huchapishwa kwenye ratiba ya kila siku. Yakitokea ya kutokea, huyo ndiye mtu wa kumpigia, si ofisi iliyowauzia tiketi.

Kuna bandari ambazo meli haifungwi gatini kabisa. Kule Santorini meli husimama majini na abiria hupelekwa kwa mashua hadi bandari ya zamani chini ya mji wa Fira, kisha hupanda jabali kwa gari la kamba au kwa ngazi zinazozidi 500. Meli kadhaa zikifika pamoja, foleni ya gari hilo la kamba mchana inaweza kula saa nzima, kwa hiyo anayetaka kurudi kwa mashua ya mwisho aanze kushuka mapema mno kuliko akili inavyomwambia. Waliolipia matembezi ya meli ndio hutangulizwa kwenye mashua asubuhi. Wengine hupewa namba na kungoja. Tena bandari za mashua ndizo za kwanza kufutwa upepo ukivuma. Mkataba wa tiketi humruhusu nahodha kuruka bandari yoyote, na mnachorudishiwa ni ada ya bandari tu, pamoja na fedha za matembezi mliyonunua kutoka meli yenyewe. Mliyemlipa nchi kavu mtamalizana naye ninyi, basi mchagueni anayerudisha fedha meli isipofika.

Nina viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Safari yangu inaanzia Barcelona, inapita Uturuki, na kurudi Ugiriki na Italia. Wakala anasema inatosha kwa kuwa nitakuwa melini. Ni kweli?
*Msomaji mwenye pasipoti mpya*

Si kweli, na nakusihi usilale na jambo hili. Ukiingia Barcelona umetumia ruhusa yako ya kuingia. Meli ikienda Uturuki unakuwa umetoka katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kurudi Ugiriki ni kuingia mara ya pili. Unahitaji viza ya kuingia mara nyingi. Hilohilo hutokea kwa safari zinazotoka bara la Ulaya kwenda Uingereza na kurudi. Mlango wa kukukatalia uko gatini siku ya kuondoka: kampuni ya meli itakagua hati zako kwa nchi zote za ratiba, zikiwemo zile ambazo huna nia ya kushuka, na ukikosa moja haikupandishi wala hairudishi nauli. Hakikisha pia pasipoti yako itabaki hai kwa miezi sita baada ya safari kwisha, kwa maana nchi na kampuni nyingi hudai hivyo. Mambo haya muulize ubalozi. Wakala akikosea hatakuwa nawe pale gatini.

Nimeona nauli ya chini sana ya safari ya siku saba. Jirani yangu anasema gharama halisi huwa maradufu. Je, anatia chumvi?
*Mwenye bajeti ndogo*

Kwa baadhi ya watu anatia, kwa wengine hatii. Nauli hubeba chumba, chakula cha mikahawa mikuu na bafe, na burudani nyingi. Juu yake huja kodi na ada za bandari, ambazo baadhi ya matangazo huziandika kwa herufi ndogo. Kisha huja bakshishi za wahudumu, ambazo kampuni kubwa zinazohudumia soko la Marekani huzikata zenyewe kila siku. Kwa vyumba vya kawaida ni takriban kati ya dola 15 na 20 za Marekani kwa kila mtu, hata mtoto. Zidisha hiyo kwa watu wanne na siku saba uone inavyokua. Kuna kampuni zinazoruhusu kuipunguza au kuiondoa kwenye kaunta ya huduma. Sikushauri: mwenye kutandika kitanda chako ameihesabu katika mapato yake.

Yaliyobaki yako mikononi mwako: vinywaji, intaneti, mikahawa ya kulipia, picha, na matembezi. Mpango wa vinywaji wa siku nzima una sharti ambalo wengi hawalisomi, kwamba watu wazima wote wa chumba kimoja mara nyingi hulazimika kuununua hata kama mmoja hanywi kileo. Kama ratiba ina bandari nyingi, mchana kutwa mtakuwa nje ya meli mkiwa mmelipia vinywaji msivyokunywa. Intaneti nunua kabla ya kupanda, kwa kuwa bei yake huwa chini. Simu iweke katika hali ya ndege tangu meli inapong'oa nanga, kwa sababu mtandao wa simu wa meli ukishika laini yako, dakika chache tu huleta bili ya kutisha.

Mume wangu anasema zoezi la dharura la siku ya kwanza ni maigizo ya kupoteza muda. Nimjibu nini?
*Mke mwenye subira*

Mwambie kuhusu Costa Concordia. Usiku wa Januari 13, 2012 meli hiyo iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, na watu 32 wakafa. Mamia ya abiria waliokuwa wamepanda siku hiyohiyo Civitavecchia walikuwa hawajafanya zoezi lolote, kwa sababu kanuni za wakati huo ziliruhusu zoezi lifanyike ndani ya saa 24 tangu kupanda. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao mizizi yake ni mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, ulirekebishwa, na tangu Januari 1, 2015 zoezi linapaswa kufanyika kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Katika meli nyingi siku hizi halichukui muda: mnatazama video kwenye simu au televisheni ya chumbani, kisha mnafika wenyewe kwenye kituo chenu cha kukusanyikia na kuthibitishwa. Akiwa hapo, atembee mara moja kutoka chumbani hadi kituoni kwa ngazi badala ya lifti, na akariri mlio: milio saba mifupi au zaidi, ukifuatiwa na mmoja mrefu.

Baba yetu ana kisukari na shinikizo la damu. Tunasikia pia kwamba watu huharisha sana katika meli. Tufanye maandalizi gani?
*Familia ya watu sita*

Dawa zake zote zikae katika mkoba wa mkononi, kamwe zisiwe katika mzigo unaokabidhiwa gatini, kwa sababu mizigo hiyo huenda ikafika chumbani jioni. Chukueni akiba ya wiki moja zaidi ya siku za safari, pamoja na nakala ya maagizo ya daktari yenye majina ya kitaalamu ya dawa, kwani majina ya biashara hutofautiana kila nchi. Kama anatumia insulini, iarifuni kampuni mapema kuhusu jokofu na chombo cha kutupia sindano.

Meli kubwa zina zahanati yenye daktari na wauguzi wanaoweza kumtuliza mgonjwa, lakini si hospitali kamili. Mgonjwa mahututi hushushwa bandari inayofuata au huchukuliwa kwa helikopta kama iko karibu. Matibabu ya melini huandikwa kwenye bili ya chumba, na bima ya afya ya nyumbani mara nyingi haivuki bahari. Nunueni bima ya safari inayotaja wazi usafirishaji wa dharura wa mgonjwa na inayokubali magonjwa aliyonayo tayari. Nyingine huyakubali tu kama imenunuliwa siku chache baada ya kulipa malipo ya kwanza ya safari. Hii ndiyo gharama pekee ambayo sijawahi kumshauri mtu aipunguze.

Kuhara mnakokusikia husababishwa zaidi na virusi vya noro, ambavyo huenea popote watu wengi wanapokula na kushika vyombo pamoja, na dalili zake huanza kati ya saa 12 na 48 baada ya kuambukizwa. Chupa za kemikali ya kupaka mikononi zilizo mlangoni mwa bafe hazivimalizi virusi hivi sawasawa. Sabuni na maji kwa sekunde 20 ndiyo kinga. Meli zinazotia nanga Marekani zikitoka nchi nyingine hukaguliwa usafi na mamlaka ya afya ya nchi hiyo kwa alama 100, na matokeo huchapishwa kwa umma. Alama 85 au chini yake ni kufeli. Itafuteni meli yenu. Akiugua mtu, aripoti zahanati hata kama anajua atazuiliwa chumbani, badala ya kujificha na kwenda kuwapakulia wengine ugonjwa kwenye bafe.

Ninasafiri peke yangu. Kwa nini ninatozwa kama watu wawili?
*Msafiri wa pekee*

Kwa sababu bei hupangwa kwa kuchukulia kwamba chumba kina watu wawili, na wa pili angenunua pia vinywaji na matembezi. Nyongeza yaweza kufikia nauli nzima ya pili. Tafuta meli zenye vyumba vya mtu mmoja; Norwegian Epic ilipoanza safari mwaka 2010 ilikuwa na vyumba 128 vya namna hiyo, na kampuni nyingine zikafuata. Viko vichache na huisha mapema, na wakati mwingine bei yake humpita mwenye chumba cha kawaida cha ndani aliyelipa nyongeza, kwa hiyo linganisha zote mbili. Misimu isiyo ya likizo za shule ndiyo yenye punguzo.

Nifungashe nini ambacho wengi husahau?
*Mfungashaji*

Kulabu za sumaku, kwa kuwa kuta za vyumba vingi vya meli ni za chuma na nafasi ya kutundikia ni ndogo. Usibebe pasi ya nguo, birika la umeme, mshumaa, wala waya wa kuongezea umeme wenye kinga ya umeme unaopanda ghafla. Moto ndio adui mkubwa wa meli, na vitu hivyo vitachukuliwa na kuzuiliwa hadi siku ya mwisho. Katika mkoba wa mkononi weka nguo ya kuogelea, maana bwawa huwa tupu mchana wa siku ya kwanza wakati wenzako wanangoja mizigo. Nguo rasmi angalia kanuni za kampuni yako. Zinatofautiana, na nyingi zimelegea.

Nataka kupanda meli Seattle, nishuke Juneau kwa ndugu yangu, nisiendelee na safari. Inaruhusiwa? Na nikimaliza safari nzima badala yake, ndege ya kurudi niipange saa ngapi?
*Mwenye ndugu Alaska*

Kushuka Juneau hakuruhusiwi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli zenye bendera ya kigeni zisisafirishe abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine kwa namna hiyo, na karibu meli zote kubwa za kitalii zina bendera za nchi nyingine. Hata safari ya kutoka na kurudi bandari ileile hulazimika kugusa bandari ya nchi nyingine, ndiyo sababu meli zinazotoka Seattle na kurudi hapohapo mara nyingi hupita Victoria, Kanada, hata kama ni kwa saa chache za jioni ambazo abiria wengi huziona hazina maana. Ukishuka njiani, meli hutozwa faini, nayo hukudai wewe. Safari inayoanzia Vancouver na kuishia Alaska haina kikwazo hicho, kwa kuwa inaanzia Kanada. Tazama kama inakufaa, kisha uende kwa ndugu yako kwa ndege baada ya meli kufika mwisho.

Ukirudi Seattle na meli, usipange ndege kabla ya saa sita mchana. Meli hufika alfajiri, lakini hakuna anayeshuka mpaka mamlaka za bandari zitoe ruhusa, na hushuka kwa makundi. Usiku wa mwisho utatakiwa kuacha mzigo wako nje ya mlango wa chumba kabla ya usiku wa manane, ukibaki na nguo za kesho, viatu, dawa na pasipoti. Wanaobeba mizigo yao wenyewe hutangulia kushuka, kwa hiyo kama begi lako ni dogo jiandikishe katika kundi hilo. Wakati wa kwenda, fika Seattle siku moja kabla ya meli kuondoka, ili ndege ikichelewa upoteze usiku mmoja wa hoteli badala ya safari yote.